Gari Linaloumwa Alfajiri na Kupona Mchana

Gari likikataa kabisa kuwaka, kazi ya kutafuta ugonjwa wake ni nyepesi. Ugonjwa upo palepale, haukimbii, unapima kitu kimoja baada ya kingine mpaka unaukuta. Shida ni lile gari linaloumwa alfajiri na kupona kabla halijafika gereji. Fundi analiwasha, linaitika mara moja, linanguruma vizuri, naye anakuangalia kama umemletea mgonjwa anayecheka. Lakini kwa kuwa umeshafika na una hela mfukoni, lazima kitu fulani kibadilishwe.

Makala hii inahusu ugonjwa wa namna hiyo. Nitatumia gari ninalolijua: pikapu ya baba yangu mdogo, Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, inayofanya kazi Njombe. 22R ni injini ya petroli, silinda 4, sisi 2,366, inayotumia kabureta na distribyuta. Haina kompyuta ya kukusomea tatizo. Ndiyo maana inafaa kufundishia, maana karibu kila kitu unaweza kukiona na kukishika. Wenye dizeli msinifuate, kwenu hakuna plagi za cheche na mambo ni mengine.

Baba mdogo anapeleka viazi mviringo Makambako. Gari lisipowaka saa 11 alfajiri, soko linampita na mteja anahamia kwa mwingine. Nilipokuwa mwaka wa pili, kila nikipiga simu nyumbani nilikuwa nasikia: “Gari inasumbua, mwanangu. Siku nyingine inawaka, siku nyingine inapiga misi tu, na sailensa haikai.” Sailensa, kwa lugha ya gereji, ni injini kuzunguka yenyewe taratibu bila mguu kwenye mafuta. Alikuwa ameshabadilisha plagi mara mbili, chujio la mafuta, pampu ya mafuta na betri. Mwishowe gereji moja ikamwambia injini imechoka, ishushwe, ifungwe pistoni na ringi mpya. Bei aliyotajiwa ilizidi ada yangu ya mwaka mzima, na yeye ndiye anayenilipia ile sehemu ambayo mkopo haufiki. Kwa hiyo lilikuwa suala langu pia.

Nilipofika likizo sikugusa spana. Nilinunua daftari la kurasa 32, nikachora safu tano: saa, hali ya hewa, injini ya moto au ya baridi, tanki limejaa kiasi gani, na nini kilitokea. Nikamwomba aandike kila safari kwa siku 14, hata siku ambayo gari halikusumbua. Akacheka. “Mwalimu, sasa unataka kuliandikia gari ripoti ya maendeleo?” Ndiyo, hasa hiyo. Sisi wa ualimu tunasoma kwamba mtihani mmoja wa siku moja hautoshi kumjua mwanafunzi, halafu gari tunalipima mara moja tu, saa 5 asubuhi, juani, siku ambayo ni zima.

Zile siku ambazo halikusumbua ndizo watu huziacha, na kumbe zina habari nyingi kuliko nyingine. Baada ya wiki mbili daftari lilionyesha hivi. Kuwaka kwa shida kulitokea asubuhi 5, na zote zilikuwa za ukungu mzito au zilizofuata mvua ya usiku. Asubuhi yenye baridi kuliko zote ilikuwa kavu, na siku hiyo liliwaka mara moja. Basi tatizo halikuwa baridi, lilikuwa unyevu. Sailensa kufa ilitokea mara 4, na hata moja haikuwa alfajiri. Tatu zilitokea baada ya kipande cha barabara ya mashimo, moja wakati baba mdogo anasubiri kwenye kituo cha mafuta. Mara zote alipokanyaga mafuta kidogo injini ilibaki hai, akiachia inakufa.

Orodha hizi mbili hazikugusana hata siku moja. Miaka miwili watu walikuwa wanatafuta ugonjwa mmoja unaoitwa “gari inasumbua”, kumbe ni magonjwa mawili yaliyopewa jina moja. Ukitibu mmoja, mwingine unatokea wiki ijayo, unasema tiba haikufaa. Inawezekana kabisa kwamba katika spea zile zote kuna iliyosaidia kitu, lakini nani angejua?

Tuanze na unyevu. Koili inapandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi maelfu ya volti, ili cheche iruke kwenye plagi. Umeme huo unapita kwenye kofia ya distribyuta na waya za plagi, na unapenda njia nyepesi. Kofia ikiwa na ufa mdogo, au waya zikizeeka na kuchanika, maji kidogo yanatosha kuupa njia ya mkato kuelekea kwenye chuma cha injini. Plagi inabaki bila cheche, au inapata dhaifu. Injini ikipata joto inajikausha yenyewe, na kufika saa 4 ushahidi umeshapotea. Hapo unaelewa kwa nini plagi mpya hazikusaidia: umeme ulikuwa unaibiwa kabla ya kuzifikia.

Ugonjwa huu hausubiriwi, unaitwa. Usiku, taa zote zimezimwa, injini inazunguka, nilinyunyiza maji kama ukungu juu ya waya na kofia kwa ile chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Mikono na nguo mbali na feni na mkanda, na usishike waya hizo, zinapiga kweli. Zikaonekana cheche ndogo za buluu zikitambaa kwenye kofia, na misi ileile ya alfajiri ikaanza. Tulipozima na kufungua kofia tukakuta ndani mstari mweusi mwembamba kama wa penseli kati ya vituo viwili. Huo ni mkaa ulioachwa na umeme ulipopita pasipotakiwa, nao unapitisha umeme, ndiyo maana kuufuta kwa kitambaa hakuponyi. Tukanunua kofia, rota na seti ya waya. Ukibadilisha, toa waya moja na kuweka moja, usizing'oe zote kwa pamoja: mpangilio wa cheche wa 22R ni 1-3-4-2, ukiuchanganya utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa tatu.

Sailensa ni hadithi nyingine. Mguu ukiwa nje ya mafuta, kifuniko cha hewa kwenye koo la kabureta karibu kinafunga, na petroli inapita kwenye njia nyembamba ya peke yake. Ukikanyaga, njia kubwa inaanza kutoa. Kwa hiyo injini inayokufa kwenye sailensa lakini inavuta vizuri ukikanyaga inakuambia yenyewe wapi pa kutafuta: uchafu kwenye njia ile nyembamba, au hewa inayoingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi, au solenoidi ya kukata mafuta. Hewa ya wizi inaumiza zaidi kwenye sailensa kwa sababu hapo hewa halali ni kidogo, na ya ziada inaonekana sana. Tuliipima kwa maji vilevile, tukinyunyiza kwenye maungio na kusikiliza kama mlio unabadilika. Wapo mafundi wanaopima kwa kumwagia petroli injini ikiwa inawaka. Tafadhali, usikubali, iwe gari lako au la mwenzako.

Mlio haukubadilika. Na uchafu au ufa haviji na kuondoka kwa kufuata mashimo ya barabarani; kinachocheza na mtikisiko kwa kawaida ni waya. Solenoidi hii ni kitu kidogo kilichofungwa kwenye kabureta. Ukifungua swichi bila kupiga stata, inatoa “tik”, imefungua njia ya sailensa. Ikikosa umeme inafunga, injini inakufa. Nikaifungua swichi, ikalia. Baba mdogo akaitikisa soketi ya waya wake, ikalia tena, na tena. Ndani ya soketi chuma kilikuwa kimeota kutu ya kijani na hakishiki. Tukakisugua kwa msasa, tukakibana kwa plaizi. Gharama yake haikuwepo.

Vipi kuhusu injini iliyochoka? Ringi zilizolika hazijui kama leo kuna ukungu. Hata hivyo tuliazima kipimo cha mgandamizo, tukapima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje na mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Silinda zote 4 zilikaribiana sana, na namba zilikuwa chini kidogo ya zile za kitabu. Hapa ndipo fizikia ya sekondari inapookoa pesa ya mtu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini inagandamiza hewa iliyopo. Namba za kitabu zisiporekebishwa kwa mwinuko, injini nzima ya Njombe inaweza kuhukumiwa kuwa mbovu. Kinachotakiwa kukushtua ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake.

Injini haikushushwa. Masika yamepita, alfajiri linawaka. Limebaki jambo moja: likipanda mlima na mzigo, likazimwa dakika 15 hivi, linakuwa zito kuwaka na kunanuka petroli. Nahisi joto la injini linachemsha petroli ndani ya kabureta na kuifurikisha, kwa hiyo nimemwambia baba mdogo akanyage mafuta mpaka chini bila kupampu wakati anapiga stata, aone kama linawaka haraka zaidi. Ameongeza safu ya sita kwenye daftari. Mpaka wiki iliyopita ilikuwa na mistari mitatu, na bado ni michache mno kununulia spea.