Kofia ya shujaa kwa karatasi na resini

Kofia nyekundu na dhahabu ya Iron Man, ile nyeupe ya wanajeshi wa Star Wars, au kofia ya shujaa uliyembuni mwenyewe kwa ajili ya mchezo wa jukwaani: zote zinaweza kutengenezwa nyumbani kwa karatasi ya manila, resini na nyuzi za kioo (faiba). Karatasi hutoa umbo, resini huligandisha, nyuzi hulipa nguvu, kisha puti na rangi hufunika kazi yote hata mtazamaji asijue ilianzia wapi. Wapenzi wa mavazi ya wahusika wanaokutana kwenye maonyesho kama NAICCON ya Nairobi wana kila sababu ya kuijua njia hii, na vikundi vya maigizo vivyo hivyo. Karibu kila kinachohitajika kinauzwa steshenari na kwenye maduka ya vifaa vya mafundi rangi za magari.

Tatizo ni kwamba resini hufundishwa kwa haraka mno. Wanaoanza huishika kana kwamba ni gundi, kumbe ni kemikali inayotoa mvuke wenye madhara na kushika moto upesi, na hadna yake, yaani dawa ya kuigandisha, inaweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo nitakaa kwenye resini zaidi kuliko kwenye rangi.

Kipimo kabla ya karatasi

Kazi huanza kwenye kompyuta. Programu huchukua umbo la kofia lililochorwa kwa pande tatu, ikalifungua na kulilaza bapa juu ya kurasa za A4, likiwa na mistari ya kukunja, masikio ya kupaka gundi na namba zinazoonyesha ukingo upi unakutana na upi. Iliyozoeleka ni Pepakura Designer ya kampuni ya Kijapani ya Tama Software. Asiyetaka kulipa anaweza kutumia Blender, ambayo ni ya bure na ina kiongezeo cha kutoa violezo vya karatasi.

Kupima mzunguko wa kichwa pekee hakutoshi. Pima pia urefu kutoka chini ya kidevu hadi utosini, upana kutoka sikio hadi sikio, na umbali kutoka ncha ya pua hadi kisogoni. Kwenye kila upande ongeza sentimita 2 hadi 3, kwa sababu faiba ina unene wake, sponji ya ndani ina unene wake, na pua inahitaji hewa mbele yake. Angalia pia tundu la shingo. Kofia nyingi za sinema ni nyembamba shingoni kuliko kichwa kinachotakiwa kupita hapo, hivyo amua mapema kama utakata kisogo kifunguke kwa bawaba au sumaku, au kama uso ndio utakaofunguka.

Wakati wa kuchapisha, chagua ukubwa wa asilimia 100. Printa nyingi hupunguza ukurasa zenyewe ili uenee, na kofia nzima ikatoka ndogo. Chapisha kwanza mraba wa sentimita 10 na uupime kwa rula, ukitoka 9.6, rekebisha mipangilio kabla ya kuharibu karatasi. Karatasi yenyewe iwe ya gramu 160 hadi 220 kwa mita ya mraba. Ile ya kawaida ya gramu 80 hulegea mara tu inapoguswa na resini.

Kukata na kuunganisha

Katia kisu chenye wembe wa kubadilisha, juu ya kibao, ukifuata rula ya chuma. Kabla ya kukunja, pitisha bolpeni iliyokwisha wino juu ya kila mstari wa kukunja ili mkunjo uwe mkali. Mikunjo ni ya aina mbili, inayoinuka na inayobonyea, na violezo huitofautisha kwa aina ya mstari. Ukichanganya hizo mbili, shavu la kofia litaingia ndani badala ya kutoka nje. Gundi nyeupe ikiwa nyingi hulowesha karatasi ikajipinda, basi paka kidogo sana. Supaglu hushika upesi, ila haikupi nafasi ya kurekebisha. Anzia utosini au usoni na ushuke pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa upande mmoja ukitangulia sana, kofia huanza kwenda mshazari.

Pwani wakati wa masika, karatasi hunywa unyevu wa hewani na kulegea hata kabla ya resini. Kazi isiyokwisha ihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na kofia iliyokamilika ikaushwe juani saa kadhaa kabla ya kupakwa chochote.

Kofia ya karatasi ikishakamilika, gandisha vipande vya manila ndani yake viwe mihimili, kutoka ukingo hadi ukingo wa shingo na kukatiza matundu ya macho. Hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote za karatasi. Resini ikilowesha karatasi isiyo na mihimili, shingo hutanuka au uso hulala upande mmoja, na ikikauka hivyo haitengenezeki tena.

Resini na hadna yake

Inayotumika zaidi ni resini ya poliesta, ile ile ya mafundi wa boti za faiba na bodi za magari. Harufu yake kali ni ya stairini. Mwaka 2018 wataalamu wa IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka stairini katika kundi 2A, yaani vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia joto la nyuzi 31 hivi za Selsiasi, joto ambalo Dar es Salaam na Mombasa hulifikia mchana wa kawaida wa Februari. Tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua.

Fanyia kazi nje, mahali penye upepo na kivuli, mbali na jiko, sigara, jenereta na watoto. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huu. Ya hospitali haiuzuii, wala ile iliyoandikwa N95, ambayo ni ya vumbi. Inayofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa kwa mvuke wa kemikali za petroli na rangi. Kwa alama za Ulaya, vichujio hivyo ni vya aina A, vyenye mstari wa kahawia. Vihifadhi kwenye kopo lililofungwa, kwa maana hunyonya mvuke hata visipovaliwa. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, vichujio vimekwisha au barakoa haikukaa vizuri usoni. Vaa pia glavu za naitrili, mikono mirefu na miwani iliyoziba pembeni.

Miwani ni kwa ajili ya hadna. Kwenye chupa huandikwa MEKP, nayo ni peroksaidi inayounguza jicho vibaya, na madhara yake yanaweza kuendelea baada ya siku ya ajali. Ikiruka jichoni, lioshe jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika zisizopungua 15, kope zikiwa zimeachwa wazi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia, ukiwa na chupa mkononi.

Nawasihi wauzaji na wanunuzi: hadna isimiminwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Haina rangi, na mtoto mwenye kiu hatauliza ni nini. Inunuliwe katika chupa yake yenye maandishi, itunzwe kivulini, mbali na resini na mbali na vyuma.

Nunua resini ambayo kiwandani imeshatiwa kichocheo cha kobalti. Ukiuziwa kichocheo hicho kando, kamwe usikichanganye moja kwa moja na hadna, kwa sababu viwili hivyo vikikutana vitupu vinaweza kulipuka.

Kipimo cha hadna ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na maelekezo ya kopo ndiyo ya kufuatwa kwanza. Kwenye joto la nyuzi 30, mililita 1 kwa gramu 100 za resini kwa kawaida hutosha. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kuongeza hadna ili kazi iishe haraka huifanya resini ichemke kikombeni, itoe moshi na kupasuka. Kuipunguza chini ya asilimia 1 kunaweza kuiacha ikinata milele. Ukitaka muda zaidi, changanya kidogo kidogo, gramu 100 kwa mara moja, na ufanye kazi asubuhi kabla jua halijapanda. Mchanganyiko hudumu dakika 10 hadi 20 tu. Ukianza kuganda kama uji, uache. Mabaki yawekwe nje juu ya mchanga hadi yapoe na kukauka. Yasimwagwe kwenye mtaro wala kuchomwa moto.

Koti la kwanza liwe jembamba, upande wa nje, la kuingia kwenye karatasi bila kuchuruzika. Likikauka, paka la pili. Usiitegemeze kofia kwa ile foma nyeupe ya kufungia televisheni, kwani stairini huiyeyusha.

Wapo wanaopendelea epoksi kwa kuwa harufu yake ni ndogo. Harufu ndogo isikudanganye: epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio usioisha maisha yote. Na hadna yake haibadilishwi kiasi. Uwiano ulioandikwa, kwa mfano 2 kwa 1, ndio huo huo wakati wa joto na wa baridi.

Nyuzi, puti na msasa

Karatasi yenye resini tupu ni ngumu lakini ikianguka huvunjika. Nguvu hutoka kwenye nyuzi za kioo zinazowekwa ndani. Chukua faiba ya mkeka ya gramu 300 kwa mita ya mraba na uichane kwa mkono vipande vya sentimita 5 hadi 8. Kingo zilizochanwa hulala vizuri kuliko zilizokatwa kwa mkasi. Paka resini, laza kipande, kisha kigongegonge kwa ncha ya brashi hadi weupe wote upotee na mapovu yatoke. Pembe kali ndizo hubaki na mapovu, zipe vipande vidogo zaidi. Tabaka mbili zinatosha. Mkeka huu ni wa resini ya poliesta, kwa kuwa gundi inayoushikilia huyeyushwa na stairini. Kwa epoksi tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Mihimili iondolewe baada ya tabaka ya kwanza kukauka.

Kwa nje, puti ya magari hujaza mikunjo na kuficha pembe za karatasi. Paka nyembamba mara nyingi badala ya nene mara moja. Msasa uanzie namba 80, uende 120, 220, umalizie 400 kwa maji. Mafundi rangi wana mbinu nzuri ya kuona mabonde: wanapuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya puti kavu, kisha wanapiga msasa. Panapobaki peusi ni bonde, na hapo puti irudiwe. Wakati wa kupiga msasa barakoa ya N95 ndiyo inayofaa, maana adui ni vumbi la kioo. Ukimaliza, oga kwanza kwa maji ya baridi, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Rangi ina habari chache. Rangi ya msingi, kisha makoti mepesi, kisha vanishi. Usipulize siku ya mvua, kwani unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Kuivaa

Iache kofia wiki nzima penye hewa kabla ya kuivaa, na isivaliwe ikiwa bado inanuka. Kwa ndani, bandika vipande vya sponji. Fundi sofa wa mtaani huwa na mabaki. Kwa macho, kioo cha plastiki chenye kiza kidogo kilichokatwa kutoka kwenye kioo cha kofia ya pikipiki hufaa. Toboa matundu mdomoni na kisogoni, na ukiweza weka feni ndogo ya kompyuta inayotumia pawabenki. Hata hivyo joto litakuzidi mapema kuliko unavyodhani, na huoni pembeni wala miguuni. Awepo mtu wa kukuongoza kwenye ngazi, na uivue kila baada ya dakika 15 hadi 20.

Kwa maigizo ya shule, mimi nashauri resini iachwe kabisa. Karatasi ile ile ya manila, ikiwekewa ndani tabaka 4 au 5 za magazeti yaliyochanwa na kulowekwa kwenye uji wa ngano au gundi ya mbao iliyopunguzwa maji, kila tabaka ikikauka kabla ya nyingine, hutoa kofia nyepesi inayodumu mchezo mzima, na watoto wanaweza kuitengeneza kwa mikono yao bila kuvuta mvuke wowote.

Kofia hii, iwe ya resini au ya magazeti, si ya kinga. Kofia ya pikipiki ina foma maalumu inayobonyea na kumeza nguvu ya pigo kabla halijafika kichwani. Hii haina, na faiba ikivunjika huacha kingo zinazokata. Usipande nayo bodaboda, hata kwa safari fupi ya kutoka ukumbini kurudi nyumbani.