Mwongozo wa Kupima Uangavu wa Tando za Wanga wa Muhogo

Mwongozo huu ni wa mafundi sanifu wa maabara wanaopima tando nyembamba za wanga wa muhogo kwa ajili ya vifungashio. Matokeo yasiyotaja unene, unyevu na umri wa utando yasilinganishwe na mengine.

1. Maandalizi. Wanga upikwe hadi uji uache weupe na kuwa angavu, kwani chembe zisizopasuka hutawanya nuru. Viputo vya hewa viondolewe kabla ya kumimina. Sahani ilazwe sawasawa kwa pimamaji.

2. Unyevu. Wanga, pamoja na gliserini inayoongezwa kuulainisha utando, hunyonya maji ya hewani. Tando zote zihifadhiwe saa 48 ndani ya chombo kilichofungwa, juu ya myeyusho wa nitrati ya magnesiamu ulioshiba. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, myeyusho huo huweka unyevu wa hewa karibu na asilimia 53.

3. Unene. Tumia maikromita, pima sehemu 5, kisha tafuta wastani.

4. Usomaji. Sawazisha spektrofotomita kishikilia sampuli kikiwa kitupu. Shika utando kingoni kwa kibanio. Alama ya kidole huharibu kipimo. Soma ufyonzaji kwenye nanomita 600, kisha ugawanye kwa unene wa milimita. Kwa mfano, ufyonzaji wa 0.12 kwa unene wa milimita 0.08 hutoa kiwango cha utusitusi cha 1.5. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo uangavu unavyopungua.

5. Tafsiri. Kila uso wa utando huakisi takriban asilimia 4 ya nuru, hivyo hata utando safi hupitisha kama asilimia 92 tu. Aidha, mashine huhesabu nuru iliyotawanyika kana kwamba imefyonzwa. Ili kutofautisha, laza utando juu ya maandishi, kisha uinue kidogo. Maandishi yaliyosomeka vizuri yakififia unapouinua, nuru inatawanyika: kagua upya mapishi na viputo. Utando ukiwa na rangi hata ulipolazwa, kagua usafi wa wanga na joto la kukaushia.

6. Kumbukumbu. Andika unene, unyevu, joto na tarehe ya kumimina. Molekuli za wanga hujipanga upya kadiri siku zinavyopita, na utando huweza kuingia ukungu; kwa hiyo tando zinazolinganishwa ziwe za umri mmoja.