Kope Zikirudi Kuchoma Jicho Baada ya Upasuaji

Trakoma si tatizo kubwa kwetu Kisii na Nyamira, lakini vuka mpaka uingie Narok na utaikuta. Juzi nilimpokea nyanya mmoja kutoka upande wa Kilgoris. Alikuwa amepasuliwa jicho miaka miwili kabla, kope zikarudi kuchoma. Akaamua upasuaji ni kazi bure, akawa anazing'oa kwa kibano. Nyingine zilikatikia njiani, na kigutu cha ukope huchoma kuliko ukope mzima. Kioo cha jicho kilikuwa kimeanza kuingia weupe.

Kwa nini zirudi? Trakoma huacha makovu ndani ya kifuniko cha jicho, na kovu likijikunja huvuta kope ndani. Upasuaji hauliondoi kovu hilo. Hugeuza tu ukingo wa kifuniko utazame nje.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza, daktari hukata kifuniko chote, kuanzia ngozi hadi ndani, juu kidogo ya kope, kisha hukishona kikielekea nje. Majaribio yaliyofanywa Oman yakachapishwa mwaka 1992 yaliipa sifa, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ya pili hukata upande wa ndani pekee, ngozi haikatwi. Mwaka 2016 zilitoka habari za wagonjwa 1,000 wa Ethiopia waliogawanywa kati ya njia hizo. Baada ya mwaka mmoja, kope zilikuwa zimerudi kwa asilimia 22 ya waliopasuliwa kwa njia ya kwanza, na asilimia 13 kwa ya pili.

Mimi ningechagua ya pili, mradi mpasuaji awe ameizoea. Mkono usiozoea huharibu njia yoyote: ukikata kifupi, kope za pembeni hubaki zikichoma.

Upasuaji wa marudio ni mgumu zaidi, kwani kisu hukutana na kovu juu ya kovu. Kwa hiyo usikubali ufanywe na mwanafunzi. Mwulize daktari wako ulipasuliwa kwa njia gani, na uliza pia kuhusu dawa ya azithromycin: huko Ethiopia, dozi moja baada ya upasuaji ilipunguza marudio kwa takriban thuluthi moja.

Nyanya yule nilimpeleka kwa mtaalamu wa macho, akapasuliwa tena. Kope hazimchomi sasa. Weupe ungalipo.