Pima oili mwenyewe: somo kwa wenye magari ya haibridi yaliyozeeka

Kila asubuhi, miongoni mwa magari yanayoteremka Barabara ya Waiyaki kutoka Uthiru na Kangemi kuingia mjini, hutakosa kuona Toyota Aqua, Prius, Axio ya haibridi au Honda Fit. Magari haya yamependwa na wakazi wetu, hasa madereva wa teksi, kwa kuwa yanatumia petroli kidogo penye msongamano. Mengi yaliletwa nchini yakiwa yametumika Japani. Kanuni za uagizaji huzuia gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini baada ya gari kuingia miaka huendelea kuhesabika. Aqua la mwaka 2012 lililoteremshwa Mombasa mwaka 2019 sasa ni gari la makamo, na injini yake imeanza kula oili.

Kula oili kidogo si ajabu kwa injini ya umri huo. Hasara huja pale mwenye gari asipojua ni kiasi gani kinaliwa. Lita moja ya oili ni gharama ndogo ikilinganishwa na injini nyingine, na kwa dereva anayeishi kwa gari lake, kila siku gari likikaa gereji ni siku bila mapato. Somo hili linaeleza namna ya kupima oili, kuandika vipimo na kuvisoma.

Kwa nini haibridi huficha upungufu

Katika gari la kawaida, injini hunguruma tangu unapowasha hadi unapozima, na dereva mzoefu hutambua sauti ikibadilika. Injini ya haibridi huwaka na kuzimika yenyewe mara nyingi katika safari moja. Kwenye foleni ya Barabara ya Ngong gari laweza kusogea kwa umeme tu, kisha injini iwake ghafla unapokanyaga. Dereva huzoea kimya, na sauti ya injini iliyokauka oili humfikia akiwa amechelewa.

Jambo la pili ni safari fupi. Ukitoka Kileleshwa hadi katikati ya jiji, injini huenda isipate joto la kutosha. Petroli kidogo ambayo haikuungua, pamoja na unyevu, huteremka na kuchanganyika na oili. Kijiti cha kupimia huonyesha kiwango kizuri, kumbe sehemu ya kinachoonekana si oili. Siku ukienda Naivasha, injini hupata moto, petroli na maji hayo huvukizwa, na kiwango hushuka ghafla. Wengi hudhani oili imeisha kwa safari hiyo moja, ilhali upungufu ulikuwapo tangu awali.

Tatu ni miteremko. Ukishuka kutoka Limuru kuelekea Uthiru, breki za haibridi huzalisha umeme na kuuweka kwenye betri. Betri ikijaa, gari huizungusha injini bila kuchoma petroli ili kupunguza mwendo. Wakati huo silinda huvuta kwa nguvu, na oili huweza kupenya kwenye ringi za pistoni zilizochoka. Unapokanyaga tena, oili hiyo huungua na kutoka kama moshi wa buluu.

Taa nyekundu si kipimo

Wengi husema, "Taa ya oili haijawaka, basi niko salama." Taa nyekundu yenye picha ya kibirika huonya kwamba msukumo wa oili ndani ya injini umeshuka. Haikuelezi oili imebaki kiasi gani. Injini inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya oili yake huku pampu ikiendelea kufyonza iliyobaki, na taa isiwake. Ikiwaka unapoendesha, egesha mahali salama, zima gari na usiendelee na safari. Kufikia hapo huenda vyuma vimekwisha kusagana.

Hatua za kupima

1. Liendeshe gari hadi injini ipate joto, kisha liegeshe mahali tambarare. Mitaa mingi ya upande wa magharibi ina miinuko, kwa hivyo uwanja wa kituo cha petroli mara nyingi hufaa kuliko lango la nyumbani.

2. Zima gari kabisa kwa kitufe cha POWER na uhakikishe taa ya READY imezimika. Hatua hii ni muhimu mno. Gari la haibridi likiwa READY huonekana limezimika, lakini injini inaweza kuwaka yenyewe mikono yako ikiwa ndani ya boneti. Usiguse nyaya nene za rangi ya machungwa. Zinabeba umeme wa nguvu kubwa.

3. Subiri angalau dakika 5 ili oili iteremke chini. Mhudumu wa kituo akichomoa kijiti mara tu unapozima, usikubali kipimo hicho.

4. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena na usome. Alama ya juu ni kiwango cha kujaa na ya chini ni kiwango ambacho hupaswi kushuka. Soma pande zote mbili za kijiti na ufuate ule unaoonyesha chini zaidi.

5. Tazama na kunusa. Weusi peke yake si ubaya, kwani oili inayosafisha injini huwa nyeusi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria maji, na inataka fundi mara moja. Harufu kali ya petroli ni dalili ya safari fupi nyingi au hitilafu ya uchomaji.

Pima kila baada ya kilomita 1,000, na kabla ya safari yoyote ndefu. Fanya kwa namna ile ile kila mara. Ukipima leo injini ikiwa baridi na wiki ijayo ikiwa moto, vipimo hivyo havilinganishiki.

Kuhesabu matumizi

Kipimo kimoja hukueleza hali ya leo tu. Ili kujua injini inakula kiasi gani, unahitaji daftari lenye safu nne: tarehe, kilomita, kiwango kwenye kijiti, na oili uliyoongeza.

Tuchukue mfano wa dereva wa teksi anayeishi Kangemi na kuendesha Axio ya haibridi yenye injini ya lita 1.5. Baada ya servisi, odometa inasoma 142,000 na oili iko kwenye alama ya juu. Anapofika 143,000, kiwango kimeshuka kidogo. Anapofika 144,000, kimefika katikati ya alama mbili. Anaongeza oili kidogo kidogo hadi irudi alama ya juu, na anaona ametumia nusu lita. Hesabu yake ni lita 0.5 kugawanya kwa 2, sawa na lita 0.25 kwa kila kilomita 1,000.

Nambari hiyo inaonekana ndogo. Sasa tuseme hakupima, akangoja servisi inayofuata baada ya kilomita 10,000. Injini ingekuwa imekula lita 2.5. Injini hiyo hubeba takribani lita 3.7 inapobadilishwa oili pamoja na filta. Angebakiwa na lita 1.2 hivi, chini ya theluthi moja. Kwa kiasi hicho, gari likipinda kona au kupanda mlima, oili hukimbilia upande mmoja na pampu hufyonza hewa. Dereva anayekwenda kilomita 150 kwa siku angefika hapo kwa muda wa miezi miwili na ushee.

Nambari inasema nini

Ukipata chini ya lita 0.1 kwa kilomita 1,000, endelea kupima na kuongeza. Ikiwa kati ya lita 0.2 na 0.5, mwombe fundi atafute chanzo. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji hutaja hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ukomo unaokubalika, lakini huo ni ukomo, si dalili ya afya. Injini inayokaribia hapo huharibu pia kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kukibadilisha ni ghali.

Fundi aanze na mambo mepesi: je, kuna uvujaji kwenye filta, nati ya kumwagia oili au gasketi ya juu ya injini? Weka katoni bapa chini ya gari usiku kucha. Matone ya asubuhi yatakuonyesha. Kisha akague valvu inayopitisha hewa ya ndani ya injini, ambayo ikiziba husukuma oili kwenye silinda. Mwisho ndipo azungumzie ringi na sili za valvu. Usikubali injini ifunguliwe kabla ya hatua hizo. Mpe daftari lako, kwani litampunguzia kazi ya kubahatisha.

Tazama pia maji ya kupoza injini. Yakipungua bila kuvuja nje, gasketi ya kichwa cha injini huenda imeanza kupitisha.

Kuongeza bila kuharibu

Ongeza robo lita kwa wakati mmoja, subiri, kisha pima tena. Kupitisha alama ya juu ni kosa pia, kwa kuwa shafti hupiga oili hadi itoe povu, na povu halilainishi chuma. Tumia uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Nyingi za haibridi za Toyota hutumia 0W-20, oili nyepesi inayofika juu ya injini haraka kila inapowaka upya. Ukishauriwa kumwaga oili nzito sana ili kupunguza ulaji, kumbuka kwamba injini hii huwaka mara nyingi kwa siku, na oili nzito hufika polepole. Unaponunua Barabara ya Kirinyaga au kwingineko, hakikisha chupa haijafunguliwa na ina alama ya ubora ya KEBS, kisha omba risiti. Usichanganye oili ya injini na mafuta ya gia. Kila moja ina mahali pake.

Oili chafu haina nafasi mtoni

Oili iliyotolewa kwenye injini ni taka hatari, na sheria hairuhusu kuimwaga kwenye mtaro, udongo au bomba la maji taka. Mtaro wa mtaani kwako huishia mtoni. Mto Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita Kawangware na Chiromo, kisha huzunguka katikati ya jiji karibu na gereji za Kirinyaga. Kinachomwagwa juu humfikia mkulima anayenyunyizia mboga huko chini. Weka oili chafu kwenye mtungi wenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli, na uiache kwa gereji inayomkabidhi mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Muulize fundi wako oili anayoitoa kwenye gari lako huipeleka wapi. Ni haki yako kujua.

Zoezi la wiki hii

Kabla ya Jumapili, pima oili ya gari lako kwa hatua tano zilizo hapo juu na uandike tarehe, kilomita na kiwango. Rudia baada ya kilomita 1,000, kisha 2,000, na ufanye hesabu. Ikiwa gari ni la mtu mwingine na wewe ni dereva tu, mwonyeshe mwenye gari vipimo hivyo na mkubaliane nani ananunua oili ya kuongeza. Makubaliano ya mapema yatawaepusha na lawama injini ikifa.