Kuwatania Majirani kwa Kalamu

Mpare akimwambia Mchaga kwamba anapenda pesa kuliko mama mzazi, Mchaga hatafuti wakili. Atamjibu papo hapo kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sifa zote mbili ni za kubandikana, na Wachaga na Wapare wengi hazifanani nao hata kidogo. Lakini kila mmoja amepata zamu yake, basi wanaagiza chai.

Ukiyahamishia maneno hayo gazetini, zamu inapotea. Mchaga anayasoma peke yake ndani ya daladala, na wewe huko ulipo humsikii. Anayeandika vichekesho kuhusu kabila au taifa la watu ajue kwamba mtani wake hayupo, kwa hiyo jibu la mtani huyo atalitafuta yeye mwenyewe na kuliweka ndani ya makala.

Kabla ya hapo, jikague kama una haki ya utani. Utani wa makabila ya Tanzania haukuwa wa kila mtu kwa kila mtu. Wapo waliofungamanishwa na misafara ya wapagazi, kama Wanyamwezi na Wazaramo, na wapo ambao wazee wao walipigana kwanza, wakataniana baadaye. Mtani anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu msibani na kuigiza mwendo wake, lakini huyohuyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe kaburini. Jiulize jembe lako liko wapi. Mwandishi wa Dar es Salaam aliyesoma Nairobi au kuoa Kisumu ana cha kusimamia. Anayewajua Wakenya kwa klipu za simu tu atarudia alichookota, na msomaji atanusa.

Majina ya utani nayo yana wenyewe. Watanzania wanajiita Wabongo bila haya, kwa hiyo Mkenya akiandika "Wabongo" hamchomi mtu. "Manyang'au" ni habari nyingine. Watanzania waliwaita hivyo Wakenya miaka ya 1970, enzi ya malumbano ya Ujamaa na ubepari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka ukafungwa hadi 1983. Katika kichekesho kinachohusu enzi hizo jina hilo linafaa, hasa ukimwachia Mkenya wako nafasi ya kuuliza maduka yenu wakati huo yalikuwa na sabuni siku gani. Ukilibandika kwa Mkenya wa leo anayegombania soko Arusha, utani umekwisha, unapigana vita vya biashara. Na "gabacholi", lililovuma katika siasa za mapema miaka ya 1990 dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia, sijaona namna ya kuliandika likachekesha. Linamwambia mtu aliyezaliwa Kariakoo kwamba hapa si kwao.

Njia ya mkato wanayoipenda wengi ni lafudhi. Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza Mzee Ojwang' wa kipindi cha televisheni cha "Vitimbi" kwa lafudhi ya Kijaluo miaka na miaka, na alipofariki 2015 Kenya nzima ilimlilia. Lafudhi ilikuwa vazi lake tu. Kilichochekesha ni ujanja wake uliomrudia, na mkewe Mama Kayai aliyekuwa hadanganyiki kirahisi. Fanya jaribio: futa lafudhi na jina la kabila katika rasimu yako, kisha isome tena. Kama bado kuna mtu pale, mwenye tamaa zake na mkosi wake, virudishe ulivyofuta. Kama ukurasa umebaki mtupu, hukuwa na kichekesho.

Sasa chukua mzaha tunaoujua wote, kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Bara, kikafia Kenya, kikazikwa Uganda. Wengine huongeza Congo, kila msimuliaji na makaburi yake. Ukiuandika ulivyo, unachosha. Ukaguzi ndio unaouamsha. Lamu, Pate na Mombasa ziko Kenya. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake, na Muyaka bin Haji alikuwa mshairi wa Mombasa, wote katika karne ya 19. Kwa hiyo marehemu aliuawa na wazazi wake. Mlete mzee wa Lamu, umkalishe karibu na kijana wa Dar anayesema "so nikamwambia, actually, sipo comfortable", halafu mzee aulize kwa upole msiba huu hasa uko kwa nani.

Uganda inahitaji uangalifu zaidi. Huko watu wengi walikizoea Kiswahili kama lugha ya askari, na wakati wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, mara nyingi kilisikika kwenye vizuizi vya barabarani. Mganda anayesita kukizungumza hakukosa akili ya kujifunza. Mpe jibu lake: "Huyo marehemu wenu alikuja kwetu ameshika bunduki. Mlitaka tumlaze sebuleni?" Na baraza la mawaziri la Uganda lilipokubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, mwandishi mchangamfu angeandika habari ya wachimba kaburi waliosikia hodi kutoka chini. Mtu wa Lubumbashi yeye atashangaa tu, maana maiti mnayemzungumzia amekula naye asubuhi.

Kuna mahali ambapo sitafuti jibu la mtani, nafuta tu. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, na vijana waliifuata kwa muziki na mizaha yake. Katika mizaha hiyo Watutsi waliitwa mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waasisi wake. Huko Kenya nako, "madoadoa" lilitumika kuwaonyesha watu wa kung'olewa Bonde la Ufa, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya uchochezi. Mdudu, doa, gugu, ugonjwa: vyote vinamwambia msomaji kitu cha kufanya, na kitu hicho ni kusafisha. Nyang'au naye ni mnyama, najua, ndiyo maana nimemwacha kule miaka ya 1970.

Tazama na kalenda. Mzaha kuhusu wafanyabiashara Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, ungeweza kupita wakati mwingine. Aprili 2014, polisi walipokuwa wakiwakusanya Wasomali na kuwapeleka uwanja wa Kasarani, mzaha uleule ulikuwa upande wa polisi.

Rasimu ikishakaa sawa, mpe aisome mtu wa huko unakotania, asiwe rafiki anayechekea kila unachoandika. Usimuulize kama ameudhika. Kwa adabu zetu atasema hapana, mwanangu, umeandika vizuri. Muulize, "Wewe ungemjibuje?" Akijibu bila kufikiri, chukua jibu lake uliingize ndani, hata kama linakuaibisha, na hasa kama linakuaibisha. Akinyamaza, akaanza kuzungumzia hali ya hewa, kata sehemu hiyo.

Makala ikitoka na barua ya hasira ikafika, usikimbilie kusema ulikuwa unatania, hilo alishalijua. Mwombe mhariri aichapishe katika safu hiyohiyo, bila kuipunguza. Ikiwa inachekesha kuliko ulichoandika wewe, mwandishi wake alipwe.