Mtoto Aanzaye Kutambaa na Usingizi Wake
Akina mama wa Temeke na Kinondoni, mtoto apatapo miezi 7 au 8 huanza kutambaa; basi usiku huamka, akajiinua kwa magoti, akalia. Msimkemee: si ukaidi, bali viungo vyake vyajifunza kazi mpya. Mchana mwacheni atambae sana mkekani. Jioni fuateni utaratibu ule ule: kuoga, kunyonya, kubembelezwa, kisha taa ipunguzwe. Mlazeni chali angali macho. Akiamka, mpapaseni polepole. Tena chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Maana mguu wake hukifunua, na mbu wa malaria huuma usiku. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale saa 12 hadi 16, usiku na mchana pamoja.