Faili Linaposomwa Vibaya

Kompyuta haijui herufi; hujua namba tu. Kila herufi unayoiandika hugeuzwa kuwa namba kwa kufuata jedwali. Katika jedwali liitwalo ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, A ni 65. Kompyuta kubwa za IBM zilifuata jedwali jingine, ambamo A ni 193.

Fanyeni jaribio hili. Gawanyikeni makundi mawili, Muleba na Bukoba. Muleba waandike jedwali lao wakianza na a = 1, b = 2, mpaka z = 26. Bukoba waanze na a = 0, b = 1, mpaka z = 25. Sasa Muleba waandike neno kahawa kwa namba: 11, 1, 8, 1, 23, 1. Wapelekeeni Bukoba karatasi hiyo. Je, wamesoma nini? Wamesoma lbibxb. Jumlisheni namba hizo: jumla ni 45 kwa pande zote mbili. Hakuna namba iliyopotea njiani. Kilichokosewa ni usomaji.

Tuseme bwana mifugo wa Muleba ameandika kwa kompyuta orodha ya ng’ombe waliochanjwa, akaipeleka Bukoba mjini. Huko neno hilo laonekana hivi: ngâ€™ombe. Kwa nini? Chunguza alama ifuatayo ng. Ikiandikwa wima (') ni namba moja tu, 39. Lakini programu nyingi za kuandikia huipinda (’), na kompyuta za siku hizi huihifadhi kwa namba tatu: 226, 128, 153. Kompyuta inayofuata jedwali la zamani husoma kila namba peke yake, ikaonyesha alama tatu. Mtu akitafuta neno ng’ombe ataambiwa halimo, ingawa wamechanjwa mia mbili! Huenda wakachanjwa tena, na dawa ni ghali.

Faili hilo laweza kusomeka likifunguliwa kwa jedwali sahihi. Usilihifadhi upya kabla ya hapo. Kompyuta nyingine, isipoikuta alama katika jedwali lake, huweka ? mahali pake na kuitupa namba ya asili. Hapo itabidi kuomba nakala nyingine kutoka Muleba.

Maswali

1. Bukoba wamepokea 11, 1, 8, 23, 1. Muleba wameandika kuwa jumla ni 45. Kumetokea nini?

2. Andika neno ndizi kwa jedwali la Muleba, kisha lisome kwa jedwali la Bukoba. Utafanya nini na namba ya nne?